Profaili ya rangi niliyotengeneza mwenyewe inatoa picha mbaya kuliko ile iliyokuja na printa. Naombeni msaada

#1 FundiPicha_Mwanza

Wakuu, heshima kwenu.

Nina studio ndogo hapa Mwanza. Kazi zangu ni harusi, mahafali na picha kubwa za ukutani. Printa ni ya matangi, A3, rangi sita: nyeusi, sayani (bluu ya kijani), majenta (waridi iliyokoza), njano, sayani hafifu na majenta hafifu. Wino si wa kampuni iliyounda printa, natumia wa chupa za bei nafuu. Karatasi ni satin ya gramu 260.

Mwaka mzima nimechapisha kwa profaili iliyokuja na printa, yaani faili linaloeleza printa inatoa rangi vipi. Picha zilikuwa na ukijani kidogo usoni, zaidi kwa watu weusi tii, ila wateja walizichukua. Mwezi uliopita nikapata ColorMunki Photo, kifaa cha mkononi cha kupima rangi, nikasema sasa namaliza huu ukijani. Nikashusha ArgyllCMS, programu ya kutengeneza profaili, nikatengeneza chati ya rangi, nikaichapisha, nikaipima, nikapata profaili. Hakuna hatua iliyogoma.

Sasa angalieni matokeo. Nyuso zimepauka, kana kwamba mtu kapakwa majivu. Kitenge chekundu cha mama wa bwana harusi kimekuwa rangi ya tofali. Suti nyeusi imekuwa doa moja tu, kola na mfuko wa koti huoni vinaanzia wapi. Nikirudisha profaili ya zamani picha inapata uhai, na ule ukijani unarudi nao.

Nimepima chati mara mbili, jibu lile lile. Je, kifaa kimekufa? Nina albamu ya harusi ya kurasa 40 na nimepewa siku kumi.

#2 Wino_na_Karatasi

Pole mkuu. Kifaa usikitupe. Kifaa kibovu huyumba: leo kinasema hivi, kesho vile. Chako kimesema neno moja mara mbili, kwa hiyo naamini kinasema kweli kuhusu karatasi uliyokipa. Mimi mashaka yangu yako kwenye hiyo karatasi.

Nijibu bila kuruka kitu. Ile chati uliichapisha ukitumia programu gani? Kwenye draiva (programu ya kompyuta inayoiendesha printa), sehemu ya rangi iliachwaje? Aina ya karatasi uliyochagua kwenye draiva wakati wa chati ndiyo hiyo hiyo unayochagua ukichapisha picha, na ubora ni ule ule? Ulisubiri muda gani kabla ya kupima? Na kabla ya yote, ulichapisha kipimo cha nozeli (ukurasa unaoonyesha kama matundu yote ya wino yanatoa) siku ile?

#3 Kijana_wa_Kariakoo

Bosi, mimi nachapisha mabango na picha mwaka wa nne sasa, sijawahi kugusa profaili. Draiva ina vile vitelezi vya sayani, majenta na njano. Picha ina ukijani? Ongeza majenta nne au tano, chapisha, tazama. Siku kumi ni chache, usizimalize kwenye maabara.

#4 MamaStudio_Bukoba

Mdogo wangu wa Kariakoo, nilipita njia hiyo na ninaijua mwisho wake. Kitelezi kikisogea kinasogeza picha yote. Ukiongeza majenta ili uso wa bibi harusi uwe sawa, shela yake inakuwa ya waridi, na nyasi nyuma yake zinapoteza kijani. Ukiitengeneza shela, uso unarudi ulikotoka. Nilikuwa natupa karatasi tatu kupata moja, na siku mteja akirudi kutaka nakala baada ya miezi sita siwezi kuipata rangi ile tena.

Kwa picha moja ya haraka, sawa. Kwa albamu ambayo ukurasa wa kwanza na wa arobaini lazima uso wa mtu ufanane, vitelezi havitoshi. Fundi, jibu maswali ya hapo juu.

#5 FundiPicha_Mwanza

Asanteni sana.

Chati niliifungua kwa programu ya kawaida ya kutazama picha ya Windows, nikabonyeza chapisha. Sehemu ya rangi kwenye draiva sikuigusa, ilikuwa kwenye ile otomatiki. Karatasi nilichagua ya kung'aa kidogo, ubora wa juu, na ndivyo nafanya hata kwa picha. Nilipima baada ya dakika kama ishirini. Kipimo cha nozeli sikuchapisha.

Picha zenyewe nachapisha kutoka Photoshop. Nachagua Photoshop isimamie rangi, naweka profaili yangu, na kwenye draiva nazima marekebisho ya rangi, kama maelezo yalivyosema.

#6 Wino_na_Karatasi

Hapo ndipo penyewe mkuu. Nitaandika kirefu kidogo, maana kosa hili nimeliona kwa watu wengi na wengi huishia kuuza kifaa.

Profaili haitengenezi rangi. Ni daftari la tabia ya printa. Unaipa printa namba, mfano nyekundu 200, kijani 120, bluu 90, inamwaga wino, kisha kifaa kinatazama karatasi na kuandika rangi iliyotoka kweli, kwa vipimo vya Lab, kipimo kilichowekwa na CIE, tume ya kimataifa ya mambo ya mwanga, mwaka 1976 na kisichotegemea mashine yoyote. Ukifanya hivyo kwa vipande mia kadhaa unapata jedwali: namba hii, rangi hii. Photoshop inalisoma jedwali kinyumenyume. Inataka rangi fulani ya ngozi, inatafuta ni namba gani itakayoitoa kwenye printa yako, inaituma hiyo. Mpangilio wa hayo mafaili ndio uliowekwa na ICC, umoja ulioanzishwa mwaka 1993 na kampuni nane, Adobe, Apple, Kodak na Microsoft zikiwemo, ili daftari la mashine moja lisomeke kwenye programu yoyote.

Sasa tazama ulichofanya. Siku ya chati, draiva ilikuwa kwenye otomatiki. Otomatiki ya draiva nyingi hukoleza rangi na kufungua sehemu za giza ili picha za familia zipendeze bila mtu kuhangaika. Ina maana vipande vyako vilikolezwa kabla wino haujagusa karatasi. Kifaa kikapima rangi zilizokolezwa, daftari likaandika: "Printa hii kwa asili yake ni kali, na weusi wake uko wazi." Siku ya picha ukazima draiva, jambo ambalo ni sahihi kabisa. Lakini profaili bado inaamini printa ni kali, ikaanza kupunguza ukali ambao haupo tena. Ndiyo maana nyuso zimepauka na kitenge kimekuwa tofali. Iliamini pia giza lako liko wazi, ikalishusha zaidi, suti ikawa doa.

Dalili zako zote tatu zinatoka kwenye kosa hilo moja.

Dawa yake ni kuichapisha chati ikiwa mbichi, namba zifike kwenye printa kama zilivyo. Zamani Photoshop ilikuwa na chaguo la kuchapisha bila usimamizi wa rangi. Kwenye toleo la CS5, mwaka 2010, Adobe waliliondoa, wakatoa programu ndogo ya bure, Adobe Color Printer Utility, ambayo kazi yake ni hiyo moja tu. Itumie. Kwenye draiva chagua "bila marekebisho ya rangi". Chati itoke kwa asilimia 100, isikuzwe wala kupunguzwa. Aina ya karatasi na ubora viandike pembeni kwa kalamu, kwa sababu chaguo la karatasi kwenye draiva ndilo linaloamua wino kiasi gani umwagwe. Ukilibadilisha kesho, daftari halihusiki tena.

Halafu dakika ishirini ni chache. Wino wa rangi za maji kwenye satin huendelea kubadilika unapokauka. Acha karatasi usiku kucha, mahali pasipo jua wala vumbi.

#7 Mvita_Prints

Salaam ndugu zangu, niko Mombasa. Naongeza kwa wanaotumia Mac: fungueni chati kwa ColorSync Utility, kwenye dirisha la kuchapisha kuna chaguo la kuichapisha kama chati ya kupimia rangi. Linafanya kazi ile ile.

Na huku kwetu pwani unyevu ni mwingi, mimi nasubiri saa 24 kamili. Karatasi iliyopimwa asubuhi na ile ile ikapimwa kesho yake zilinipa namba tofauti, tofauti ya kuonekana kwa jicho kwenye kahawia.

#8 FundiPicha_Mwanza

Wakuu, nimefuata yote. Adobe Color Printer Utility, draiva imezimwa, vipande 400 kwenye karatasi mbili za A4, nimeziacha usiku mzima. Asubuhi nikasafisha hedi ya printa (kichwa kinachorusha wino), maana nilikuwa na foleni ya picha za pasipoti, mchana nikapima na kutengeneza profaili mpya.

Mabadiliko ni makubwa. Kitenge kimekuwa chekundu. Suti nyeusi naona kola, vifungo, hadi mshono wa bega. Nyuso zina damu.

Lakini limezuka jingine. Shela ya bibi harusi ina ubluu, kama ubluu wa maji ya kufulia nguo nyeupe. Mawingu nayo hivyo hivyo. Paji la uso linapong'aa lina ubaridi fulani usiopendeza. Sehemu za katikati na za giza ziko safi. Tatizo liko kwenye rangi nyepesi tu.

#9 Mvita_Prints

Ndugu yangu, hapo naona karatasi. Karatasi nyingi nyeupe sana zina dawa ya kung'arisha, inayopokea miale ya UV na kuirudisha kama mwanga wa bluu. Kifaa kikipima karatasi ya namna hiyo kinaona nyeupe yenye ubluu, na profaili inavurugika hapo hapo kwenye rangi nyepesi. Jaribu karatasi isiyo na dawa hiyo. Ukiiweka chini ya taa ya kukagulia noti haiwaki.

#10 Wino_na_Karatasi

Mvita, kwa heshima, dawa hiyo naijua na huwa inasumbua kweli, ila hapa sababu mbili zinanifanya nitafute kwingine.

Kwanza, fuata mwelekeo. Dawa ya kung'arisha ikikidanganya kifaa, kifaa kinaona ubluu uliozidi, profaili inaongeza njano kuuondoa. Picha ingetoka na unjano kwenye shela. Fundi analalamikia ubluu.

Pili, ColorMunki inamulika kwa LED nyeupe isiyo na UV. Dawa hiyo haiwaki mbele yake. Kwa kifaa hiki njia hiyo imefungwa.

Fundi, umeandika jambo moja kwa kupita tu, mimi limenishika: asubuhi ulisafisha hedi. Ulisafisha kwa sababu gani? Na chati ilichapishwa kabla au baada? Kisha endesha amri hii ya Argyll, inayolinganisha profaili na vipimo vya chati, uniambie vipande vibaya viko wapi:

profcheck -v2 -k -s satin260.ti3 satin260.icm

Itavipanga kuanzia chenye kosa kubwa. Tazama majina ya vipande kwenye chati.

#11 FundiPicha_Mwanza

Mkuu, nimeiendesha. Wastani wa kosa ni 2.6, kubwa kabisa 11. Vile ishirini vya juu vyote ni vyepesi: kijivu cheupe, bluu ya anga, kijani cha maji. Na vyote viko karatasi ya pili. Karatasi ya kwanza haina hata kimoja kwenye orodha hiyo.

Hedi nilisafisha kwa sababu picha ya kwanza ya pasipoti ilitoka na mistari myembamba kwenye nyuma nyeupe. Chati ilichapishwa jioni, kabla.

Nimeitoa karatasi ya pili na kuipeleka dirishani. Ukiinamisha, vipande vyepesi vina mistari. Jana usiku sikuiona.

#12 Wino_na_Karatasi

Basi umelipata mwenyewe. Sayani hafifu ilianza kukata ukiwa katikati ya kazi. Printa za rangi sita huchora sehemu nyepesi kwa wino hafifu, na ndiyo maana giza na katikati havikuguswa.

Karatasi ya pili ilipimwa ikiwa na upungufu wa sayani. Daftari likaandika: "Rangi nyepesi za printa hii hukosa sayani, ziongezewe." Kisha ukasafisha hedi, sayani ikarudi yote, na profaili inaendelea kuongeza. Kilichozidi ndicho unachokiona kwenye shela.

Chati nyingine mkuu, hakuna namna ya kuikwepa. Kipimo cha nozeli kabla ya karatasi ya kwanza, kati ya kwanza na ya pili, na baada ya pili. Vyote vitatu vikiwa kamili ndipo upime. Ukishasafisha hedi usichapishe chati papo hapo, chapisha kwanza picha mbili tatu zilizojaa rangi, wino utulie kwenye mirija.

Na kwa kuwa una profaili inayokaribia ukweli, itumie ikusaidie. targen, amri ya Argyll inayopanga vipande vya chati, ina alama ya -c, unaipa profaili ya zamani nayo inavipanga vipande vipya kwa kufuata jicho linavyoona, badala ya kuvimwaga kwa namba tupu:

targen -v -d2 -f400 -c satin260.icm satin260b
printtarg -v -iCM -h -T300 -pA4 satin260b

#13 Mvita_Prints

Nimekubali, Wino, na nimejifunza. Ile hoja ya mwelekeo, kwamba profaili daima inasukuma kinyume cha ilichokiona, sikuwahi kuiwaza hivyo. Nitaitumia.

Fundi, nina kazi moja ya dakika tano ninayoifanya kila Jumatatu. Nina ngazi ya kijivu, ngazi 21 kutoka nyeupe hadi nyeusi, ninaichapisha bila profaili, draiva imezimwa, kila mara karatasi ile ile. Ninaziweka zikifuatana ukutani zikiwa na tarehe. Siku ngazi ya wiki hii ikitofautiana na ya wiki iliyopita, najua printa imehama, na profaili sina haja ya kuilaumu. Wino mpya ukiwa na utofauti, ngazi inaniambia kabla mteja hajaniambia.

#14 FundiPicha_Mwanza

Nimerudia. Vipimo vitatu vya nozeli, vyote kamili, ninavyo mezani. Karatasi zimelala saa 24. Nimepima taratibu, mstari kwa mstari. profcheck inasema wastani 0.9, kubwa 3.1.

Lakini wakuu, picha ina ubluu ule ule. Haujapungua hata kidogo. Nimechapisha mara mbili. Siku zimebaki tano, na nakiri nimechoka.

#15 Wino_na_Karatasi

Wastani wa 0.9 kwa wino wa chupa ni kazi nzuri, tofauti ya 1 ni ile ambayo jicho linaanza tu kuiona. Kwa namba hizo picha haiwezi kubaki vile vile kabisa. "Haujapungua hata kidogo" ndilo neno linalonisumbua. Profaili mpya ingeleta tofauti yoyote, hata mbaya. Nionyeshe jinsi unavyoichagua.

#16 MamaStudio_Bukoba

Fundi, hili lilinipata mimi. Ulipoiambia colprof, amri ya Argyll inayotengeneza profaili, itengeneze faili, kwenye -D (sehemu ya maelezo) uliandika nini? Nahisi umeandika yale yale ya kwanza.

Profaili ina majina mawili. Lipo la faili, ambalo unaliona kwenye folda na unaweza kulibadilisha. Na lipo la ndani, lililoandikwa ndani ya faili lenyewe siku ya kuzaliwa. Photoshop inakuonyesha la ndani. Ukiwa na profaili mbili zenye jina moja la ndani, kwenye orodha huwezi kuzitofautisha, na unaweza kuchapisha mwezi mzima kwa ile ya zamani ukidhani ni mpya.

Nenda C:\Windows\System32\spool\drivers\color, toa zile mbili za mwanzo uziweke kwingine. Tengeneza tena hii ya mwisho kwa kipimo kile kile, huna haja ya kuchapisha upya, ila kwenye -D andika printa, karatasi, wino na tarehe:

colprof -v -qh -D "A3 Satin260 WinoChupa Chati3" -S AdobeRGB.icm -cmt -dpp satin260b

AdobeRGB.icm ni mfano tu, weka njia kamili ya faili hilo mahali lilipo kwako. Funga Photoshop na uifungue upya ndipo orodha isomwe tena.

#17 FundiPicha_Mwanza

Dada, Mungu akubariki.

Ndilo lilikuwa hilo. Majina yote matatu yalikuwa "Satin260". Nimeziondoa za zamani, nimeipa mpya jina lake, nimefungua Photoshop, nimechapisha ukurasa wa shela.

Shela ni nyeupe. Nimeiweka karibu na karatasi tupu na haina rangi. Paji la uso la bibi harusi lina joto lake, na dada yake aliye mweusi zaidi, aliyekuwa anatoka na ukijani mwaka mzima, ametoka yeye mwenyewe. Nimemwita mke wangu kutoka nyuma bila kumwambia kitu, akaitazama akasema, "Huyu ndiye niliyemwona ukumbini."

Limebaki moja dogo. Kitenge, sehemu zile nyekundu kali, michoro imekuwa bapa. Kwenye skrini naona mistari ya maua, kwenye karatasi ni wekundu mtupu.

#18 Wino_na_Karatasi

Nimefurahi sana, hasa kwa huyo dada.

Hili la ngozi nina neno nalo. Miongo mingi maabara za picha zilipangia mashine zao rangi kwa kutazama kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu, waliyoiita Shirley. Uso wake ukitoka sawa, mashine imepita. Kadi yenye wanawake wa rangi tofauti za ngozi ilikuja miaka ya 1990. Wazee wetu wengi wana picha za harusi ambazo nyuso zao hazionekani vizuri, na wakaambiwa ndivyo picha zilivyo. Leo mtu mwenye kifaa cha mkononi anaipima printa yake kwa ngozi za watu wake. Ndiyo maana siwezi kumwambia mtu aridhike na ukijani kidogo. Kwenye chati ijayo ongeza vipande vya kahawia kwa mkono, vya kutosha, kutoka kahawia ya chai ya maziwa hadi nyeusi ya mkaa. Huko ndiko macho ya wateja wako yanakotazama.

Kitenge sasa. Wekundu ule uko nje ya uwezo wa wino wako, hakuna profaili itakayoufikia. Unachochagua ni namna ya kuubana. Photoshop ina namna mbili kuu za kubana, relativu kolorimetriki na paseptuali. Nadhani uko kwenye relativu kolorimetriki. Hiyo inaziacha rangi zinazofikika kama zilivyo, na zile za nje inazikata ukingoni, kwa hiyo wekundu watatu tofauti wanaangukia mahali pamoja na ua linapotea. Paseptuali inavuta rangi zote kidogo kuelekea ndani ili nafasi kati yao ibaki. Unapoteza ukali, unapata ua.

Mimi kwa nyuso natumia relativu, fidia ya weusi (inayolinganisha weusi wa picha na weusi wa printa) ikiwa imewashwa. Kwa ukurasa ambao kitenge au kanga ndiyo habari yenyewe, paseptuali. Washa onyesho la uchapishaji kwenye Photoshop ukiwa na profaili mpya, badilisha kati ya hizo mbili, utaiona tofauti kabla hujamwaga tone la wino.

#19 Kijana_wa_Kariakoo

Nimefuatilia uzi wote kuanzia mwanzo hadi hapa na nimebadili mawazo. Swali: mimi picha zangu zote huwa nyeusi kuliko kwenye skrini. Nayo ni profaili?

#20 Mvita_Prints

Hapana ndugu, hiyo mara nyingi ni skrini. Inatoka kiwandani ikiwa imewashwa mno, na karatasi haina taa ndani. Ishushe hadi kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba. Kama huna kipimo, weka karatasi nyeupe pembeni ya skrini yenye ukurasa mtupu mweupe, punguza hadi viwili vilingane.

Na picha usiihukumu chini ya ile tyubu ya dukani. Itoe nje kivulini, saa nne asubuhi au saa tisa alasiri. Kuna wino ambao kijivu chake ni safi dirishani na kina uwekundu chini ya taa. Ukiwa na desturi ya kukagua mahali pamoja, hutababaishwa.

#21 FundiPicha_Mwanza

Kurasa zote 40 zimetoka. Zile sita za vitenge nimechapisha kwa paseptuali na maua yapo. Nimepeleka jana jioni, siku mbili kabla ya ahadi. Ngazi ya kijivu ya kwanza imeshabandikwa ukutani na tarehe yake.

#22 MamaStudio_Bukoba

Hongera sana mdogo wangu. Mimi nina printa kama hiyo hiyo yako na karatasi ile ile, ila kifaa cha kupimia sina, nilichokuwa nacho nilikiazima. Unaweza kunitumia hiyo profaili yako?

#23 Wino_na_Karatasi

Fundi, usimtumie hiyo, itamdanganya. Hata chupa mbili za wino wa duka moja zinaweza kutofautiana, sembuse Bukoba na Mwanza. Mtumie faili la chati. Aichapishe kwake, kwa wino wake, akutumie karatasi, wewe upime na kumrudishia profaili yake kwa barua pepe.

#24 FundiPicha_Mwanza

Dada, nimekutumia chati kwenye ujumbe wa siri. Ina vipande 400 na vya kahawia 40 nilivyoongeza. Gharama hakuna, wewe ndiye uliyeniokoa na yale majina.

#25 MamaStudio_Bukoba

Nimechapisha jana, zimelala hadi leo. Nimeziweka kati ya vipande viwili vya kadibodi, na karatasi laini katikati zisisuguane. Vipimo vya nozeli vitatu, vyote kamili, viko nyuma ya chati, na aina ya karatasi niliyochagua kwenye draiva nimeiandika pembeni kwa kalamu. Bahasha iko kwenye basi la leo asubuhi, nimeandika namba yako juu.